Taya linaalika na kuuma karibu na sikio: kabla ya kung'oa gego, soma hapa

Mkuu, pole sana. Umeuliza kama taya linaloalika, linalouma mbele ya sikio na kukaza kila asubuhi linamaanisha ung'oe gego la mwisho, au ujiandae kwa upasuaji. Nimeishi na tatizo hili miaka mingi. Nimepita kwa daktari wa masikio, wa meno, na hatimaye kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kwa maelezo uliyotoa, sioni cha kukukimbiza kwenye kisu.

Weka vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua na kufunga mdomo. Kinachosogea hapo ndicho kiungo chenyewe: kichwa cha taya la chini kimekaa kwenye kijishimo cha mfupa wa fuvu, na katikati yao kuna kisahani cha gegedu. Mdomo unapoanza kufunguka, taya huzunguka kama bawaba. Ukizidi kupanua, kichwa chake huteleza mbele pamoja na kile kisahani. Kisahani kikiwa kimehama kidogo mahali pake, taya hukirukia, ndipo unasikia ule mlio. Mlio mtupu, usio na maumivu wala mdomo kukwama, watu wengi mno wanao na hauhitaji matibabu. Acha kulijaribu taya kila saa kuona kama bado linaalika. Huko ndiko kulichokoza.

Sikio nalo linaingiaje? Mshipa wa fahamu unaohudumia kiungo hiki una matawi yanayofika sikioni na kwenye panja. Ndiyo maana daktari alilichungulia sikio langu akalikuta safi, nami nikihisi kabisa kwamba maumivu yako ndani. Tangu mwaka 1934 daktari wa masikio na koo wa Marekani, James Costen, alikuwa ameandika kuhusu wagonjwa wanaolalamikia masikio ilhali chanzo kiko tayani. Yeye alilaumu magego yaliyopotea, na maelezo hayo yameachwa, ila uhusiano wa taya na sikio ni wa kweli.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kwa wengi wetu kinachouma zaidi ni misuli. Uma meno huku umeshika mashavu na panja, utaisikia ikivimba chini ya vidole. Misuli hiyo inatakiwa kupumzika muda wote usipotafuna wala kumeza, na haiwezi kupumzika meno ya juu na ya chini yakiwa yamegusana. Hata mguso mwepesi unaifanyisha kazi. Kwa hiyo jiulize sasa hivi, unaposoma hapa: meno yako yamegusana?

Mkao wa mapumziko ni huu: midomo imefungwa bila kukazwa, meno yameachana, ncha ya ulimi imegusa kaakaa nyuma ya meno ya mbele ya juu. Ukitamka "n" na kuuacha ulimi palepale, umeupata. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha hilo kabla ya zoezi lolote, nami naamini ndilo lililonisaidia kuliko vyote. Chagua vitu vya kukukumbusha: kila simu inapolia, kila unapofungua mlango, kila unapokaa mbele ya kompyuta. Wengi hukaza taya wanapofikiri sana, wanapoendesha gari au kuinua mzigo, na hawajui kabisa. Mwanzoni inachosha, kisha mwili unazoea.

Maumivu yakipanda, kula vyakula laini vilivyokatwa vidogo na utafune pande zote mbili. Chingamu, kutafuna kucha na kuuma kalamu, acha. Mwayo ukija, weka ngumi chini ya kidevu ili mdomo usipanuke kupita kiasi. Kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, kwa dakika 15 hadi 20 hulegeza misuli vizuri, kisha kanda mashavu polepole kwa mizunguko midogo. Ibuprofeni inasaidia kwa siku chache, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asiiguse bila kuuliza.

Kukaza kwa asubuhi kunaweza kutokana na kusaga meno usingizini, na hilo huwezi kulizuia kwa kuamua tu. Kifaa cha kuvaa usiku kilichotengenezwa na daktari wa meno hulinda meno yasilike. Kama tiba ya maumivu, usikitegemee sana: mwongozo uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya uliweka mbele mazoezi ya taya yenye msimamizi na tiba ya kubadili mazoea na mawazo. Kama unakoroma sana na kuamka umekabwa pumzi, mwambie daktari. Mwambie pia ukiwa unatumia dawa za sonona, kwani baadhi huchochea kusaga meno, ila usiziache mwenyewe.

Kuhusu gego: likiwa limeoza, au ufizi wake umevimba, hilo ni tatizo la jino na litibiwe hivyo. Kulitoa kwa ajili ya kiungo tu, hapana. Kukaa mdomo wazi muda mrefu wakati wa kung'oa kunaweza kukiumiza kiungo hichohicho. Na yeyote anayetaka kukusaga meno mazima ili "yakutane vizuri", tafuta maoni ya daktari mwingine kwanza, maana jino lililosagwa halirudi.

Kuna hali za kwenda hospitali leo hii: taya linalouma pamoja na kifua kubana au jasho jingi, uvimbe wenye homa, taya kukaza baada ya jeraha, kwani pepopunda huanza hivyo. Mwenye zaidi ya miaka 50 akipata maumivu mapya ya kichwa, taya kuuma anapotafuna na macho kufifia, asilale nalo.

Kwako wewe, pima mdomo kwa vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno ya mbele. Vikiingia, anza na hayo niliyoandika. Lakini kama mlio umepotea ghafla na sasa mdomo haupanuki kama zamani, huenda kisahani kimeziba njia. Muone daktari wa kinywa na mataya mapema, usiulazimishe kufunguka.