Maswali ya Wasomaji: Godoro la Lateksi na Springi kwa Mwenye Fedha Kidogo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina umri wa miaka 46, na kwa miaka miwili sasa naamka na maumivu ya kiuno ambayo hupoa nikishatembeatembea kidogo. Godoro letu la sponji limefanya bonde katikati. Nimesikia habari za godoro mseto, lenye springi chini na lateksi (povu la mpira) juu, lakini bei zake zinapishana mno, na kwa macho yote yanafanana. Mimi hulala ubavu; mume wangu hulala chali, na uzito wake unazidi wangu kwa mbali. Fedha yetu ni kidogo. Tuangalie nini ili tusinunue jina tu?

JIBU: Dada mpendwa, maumivu yanayoshuka mguuni, yanayoleta ganzi au yanayokuamsha usiku yafaa yaonwe na daktari kabla ya kufikiria godoro lolote. Maumivu ya asubuhi yanayopoa baada ya kutembea, hasa kwa mtu anayelala juu ya bonde, mara nyingi yanahusiana na malazi, na kwa hilo ninaweza kukusaidia.

Kwanza tuondoe imani iliyowapotosha wengi, kwamba mgongo unaouma hutaka godoro gumu kama ubao. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uhispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ambapo baadhi yao walipewa magodoro magumu na wengine magodoro ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Sababu yake inaeleweka: godoro gumu kupita kiasi hulisukuma bega na nyonga na kukiacha kiuno kikielea hewani, na lile laini kupita kiasi huiacha nyonga izame hadi uti wa mgongo upinde.

Katika godoro mseto, kazi ya kubeba mwili ni ya springi, na lateksi iliyo juu hufanya kazi ya kulipokea umbo la mwili. Springi zinazofaa ni zile ambazo kila moja imeshonewa mfuko wake wa kitambaa, kwa kuwa hubonyea kila moja kwa nafsi yake. Mume wako akigeuka upande wake, wewe hutikiswi sana, na uzito wake hautakuvuta kuelekea kwake. Uliza unene wa waya. Mara nyingi hutajwa kwa geji, yaani namba ya kipimo cha waya, ambayo huhesabiwa kinyume: waya wa geji 13 ni mnene kuliko wa geji 15. Kwa mtu mzito, waya mnene zaidi, hasa sehemu ya katikati panapolala nyonga, una faida kubwa kuliko idadi ya springi inayotangazwa kwa herufi kubwa.

Sasa tufike kwenye lateksi, ambako ndiko wanunuzi wengi hupunjwa. Lateksi ya asili hutokana na utomvu wa mti wa mpira, ambao hupigwa hadi ukatoa povu, kisha ukagandishwa kwa joto na salfa. Ipo pia ya viwandani itokanayo na mafuta ya petroli, na ipo iliyochanganywa. Mchanganyiko si dhambi kwa mwenye fedha kidogo, ila muuzaji aseme wazi. Neno “asili” kwenye lebo halitoshi. Uliza ni asilimia ngapi. Muhimu kuliko yote, uliza unene wa tabaka la lateksi peke yake. Godoro laweza kuwa na kimo cha sentimita 30 na ndani yake lateksi ikawa sentimita 2 tu, nafasi nyingine ikijazwa sponji ya kawaida, ile ile iliyokufanyia bonde. Kwa wewe unayelala ubavu, tabaka la chini ya sentimita 5 litaliruhusu bega lifike kwenye springi. Sentimita 7 au 8 ndizo ningezitafuta. Njia mbili za kuitengeneza lateksi ni ya Dunlop na ya Talalay; ya pili hugandishwa kwa baridi kabla ya kupikwa, hutoa lateksi laini na ya usawa zaidi, na bei yake hupanda. Katika hali yenu, Dunlop inatosha kabisa, wala msiione kuwa ya daraja la pili.

Kama bado bei inawazidi, iko njia ambayo mimi naipendelea waziwazi: nunueni godoro la springi za mifuko lililo thabiti na la kawaida, kisha tabaka la lateksi linalouzwa peke yake mlitandike juu. Likichakaa moja, hamtalazimika kulitupa la pili.

Mkiwa dukani, laleni kwa dakika 15 kila mmoja kwa mlalo wake halisi. Mume wako akiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno chake: kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwake, kikikataa kabisa kuingia, ni laini mno. Wewe ukilala ubavu, yeye atazame kwa nyuma kama mgongo wako umenyooka kutoka shingoni hadi chini. Mwisho, someni dhamana hadi maandishi madogo, kwa kuwa baadhi hukubali dai pale tu bonde linapozidi sentimita 2.5 au hata 4, na mgongo huanza kulalamika mapema zaidi ya hapo.

SWALI: Je, kitanda cha zamani chenye chaga kitalifaa godoro la namna hii?

JIBU: Kitalifaa, iwapo nafasi kati ya ubao na ubao haizidi takriban sentimita 7 na hakuna ubao uliopinda. Lateksi ni nzito, hivyo kitanda kipana kinahitaji pia mguu wa katikati.

SWALI: Nina mzio wa mpira. Nifanyeje? Na je, godoro la lateksi huanikwa juani?

JIBU: Mwenye mzio wa mpira amwone daktari kabla ya kununua, hata kama lateksi imefunikwa kwa kitambaa kinene. Kuhusu jua, jibu ni hapana: mwanga wake huifanya lateksi iwe ngumu na kumeguka. Kitambaa cha juu kikiwa na zipu, kivuliwe kifuliwe kama lebo inavyoelekeza. Lateksi yenyewe ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuachwa ikauke kivulini, mahali penye upepo.