Mwanangu, umeniuliza kwanini nimemlilia Nujoma

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliiona jana usiku, nikaona hili siwezi kulijibu kwa mistari miwili, bora nisubiri asubuhi nikae nikuandikie vizuri. Umeuliza, "Mama, dada kaniambia ulikua unalia mbele ya tivii siku wanamzika Sam Nujoma, kwani yule si rais wa Namibia? Sisi Nujoma tunayemjua ni foleni ya Mwenge."

Sijakasirika babaangu. Barabara ile ya Sam Nujoma hapo Dar, toka Mwenge mpaka Ubungo, unapita kila siku na hakuna aliyekukalisha chini akakwambia jina limetoka wapi, hata mimi mama yako sijawahi, kwahiyo acha nikwambie sa hivi.

Yule mzee alikua kijana wa kazi ya reli kule Windhoek, na nchi yao ilikua mikononi mwa makaburu wa Afrika Kusini. Tarehe 10 Desemba 1959 watu waligoma kuhamishwa kwenye mtaa wao kupelekwa Katutura, mtaa mpya waliotengewa watu weusi, polisi wakapiga risasi, watu wakafa, na yeye ni mmoja wa waliokamatwa. Mwaka uliofuata akatoroka nchi, Februari 1960, amemuacha mke na watoto nyuma. Akapenya nchi baada ya nchi mpaka akaingia Mbeya, malaria ikamuangusha, akalazwa, alafu akatoroka hospitali kwa kuogopa wakoloni watamkamata wamrudishe. Na waliomsaidia kutoka pale ni watu wa TANU, wakampitisha Njombe, Iringa, hapa hapa Dodoma, mpaka Dar, na Nyerere akamsaidia kupata pasipoti ya kwenda kuisemea nchi yake Umoja wa Mataifa.

Sasa hesabu mwenyewe. Hiyo ni 1960. Tanganyika imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Yani watu wanaotawaliwa bado ndo walikua wanamficha mtu mwingine anayetawaliwa, wanampa usafiri na chakula, nikifikiria hilo mwili unanisisimka mpaka leo na uzee huu.

Mimi nimekulia Kongwa, unajua. Kuanzia 1964 palikua na kambi ya wapigania uhuru pale, kwenye stesheni ya reli iliyoachwa na Waingereza na mradi wao wa karanga. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, na SWAPO wa Namibia, ambao ndo chama cha Nujoma. Mmoja wa SWAPO alikua akipata ruhusa anapita kwa bibi yako kunywa uji, kijana mrefu mpole, Kiswahili chake kilikua "habari za asubuhi" hata kama ni saa kumi na mbili jioni, sisi watoto tukawa tunamwita Mjomba, jina lake halisi hakutuambia na bibi alitukataza kuuliza. Bibi alikua anamuwekea kikombe chake pembeni, anasema huyu naye ana mama yake mahali. Siku moja hakuja. Wiki, mwezi, hakuja tena, na kile kikombe bibi hakuruhusu mtu kukitumia.

Mei 1978 redio ikatangaza Cassinga, kambi ya Wanamibia ndani ya Angola, ndege za makaburu zimepiga asubuhi na watu zaidi ya 600 wamekufa, wanawake na watoto wengi mno. Mimi nilikua binti mkubwa tayari. Bibi alikua anatwanga, akaacha mchi, akauliza tu, "Na yule wetu?" Nani angemjibu?

Kwahiyo tarehe 21 Machi 1990 bendera ya Namibia inapanda na Nujoma anaapishwa, nyumbani kwetu ilikua kama harusi, bibi yako alipika wali siku ya kazi. Mzee yule alikaa nje ya nchi yake karibu miaka 30 ndo akarudi. Amefariki tarehe 8 Februari 2025 ana miaka 95, na Jumamosi ile tarehe 1 Machi nilipoona jeneza na watu wa Windhoek wanavyolia, mimi nilimuona Mjomba. Nilimuona na bibi. Ndo maana.

Najua utaniambia, maana wewe unasoma sana, kwamba katiba ilibadilishwa ili apate muhula wa tatu, na kwamba miaka ya themanini SWAPO iliwafunga watu wake wenyewe kwenye mashimo kule Lubango, Angola, ikiwaita wapelelezi, na wengine hawajarudi mpaka leo. Ni kweli mwanangu, na inaniuma, kwasababu wale nao walikua na mama zao, wengine labda na wao waliwahi kupewa uji na mtu asiyewajua. Sitaki umpende Nujoma kwa kufumba macho. Lakini 2005 alikabidhi ofisi na nchi haikuwaka moto, na ile nchi ipo, watu wake wanapiga kura, na safari yake ilipita kwenye barabara zetu, kwa hiyo msiba ule na mimi ni wangu, sikualikwa, nimeingia tu kama mtu wa nyumbani.

Ukija Pasaka usipitilize moja kwa moja Dodoma mjini. Shuka Kibaigwa, nitakusubiri pale, tutafute gari la kwenda Kongwa. Kuna makaburi ya wapigania uhuru waliofia huku, nataka tukafagie, alafu nikuonyeshe nyumba ya bibi ilikua wapi. Kikombe ninacho mimi, kiko kabatini, nitakuja nacho.

Mama yako