Kaka mwenye Down aliyebadilika tabia: majibu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza kuwa kaka yake mwenye sindromu ya Down, aliyevuka miaka 45, amekuwa mkaidi na hataki kuoga, na kwamba ndugu wamependekeza alelewe kwa zamu, kila mwezi nyumba tofauti. Nilimlea dada yangu mwenye hali hiyo hapa Tanga tangu mama alipofariki, hadi naye alipotutoka, hivyo naomba nijibu kwa kirefu.

Umri huo si mdogo kwa kaka yako. Mwenye Down huwa na kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) ya 21 tatu badala ya mbili, na humo ndimo ilimo jeni ya protini inayozalisha amiloidi, ile inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayouharibu ubongo polepole. Ndiyo maana wafikapo miaka 40 karibu wote huwa na marundo hayo ubongoni, na wengi huanza kuonyesha dalili za dimenshia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) wakiwa na miaka 50 na kitu, baadhi yao mapema zaidi. Wazee wetu hawakuyajua haya kwa kuwa wengi wa watoto hao hawakufikia utu uzima.

Tena aghalabu ugonjwa huanzia kwenye tabia, si kwenye kumbukumbu. Dada yangu alikuwa hodari wa kukunja kanga. Hata zikivurugwa zote, alizitafutia pacha zake kwa kuangalia pindo. Kilichotushtua ni siku aliposhika vipande viwili visivyofanana, akavitazama kwa muda mrefu, kisha akavirudisha kwenye beseni na kuondoka. Hospitalini aliulizwa tarehe na jina la rais, mambo ambayo hakuwahi kuyajua hata alipokuwa mzima, na kwa mtu kama yeye swali hilo halipimi chochote. Kaka yako alinganishwe na yeye mwenyewe wa zamani: andikeni alichokuwa akikiweza na alichokiacha, mumpelekee daktari karatasi hiyo.

Kabla ya kukubali kuwa ni dimenshia, ombeni apimwe damu kuangalia homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwani zikipungua mtu huwa mzito na mpole kupita kiasi, na kwa wenye Down tatizo hilo ni la kawaida sana. Achunguzwe pia nta masikioni, mtoto wa jicho, na kukatika pumzi anapokoroma. Haya yana tiba, na huachwa kwa sababu kila kitu husemwa ni ule ulemavu wake.

Kuhusu kuoga, huenda anaogopa. Uwezo wa kukadiria kina hupungua, na kitambaa cheusi sakafuni kinaweza kuonekana kama shimo. Dada alikuwa akishikilia fremu ya mlango wa bafu kwa mikono miwili, hasogei; tulipoondoa zulia jeusi la kufutia miguu na kuweka taa yenye mwanga zaidi, siku nyingi aliingia bila ugomvi. Dawa za kumtuliza za kununua dukani msimpe. Akianza kushtuka mwili asubuhi au kuanguka kifafa, au akikohoa kila anapokula, mpelekeni hospitali mara moja.

Mpango wa zamu mimi siuungi mkono hata kidogo. Chumba kipya kila mwezi kinamnyang'anya njia ya chooni ambayo miguu yake bado inaijua. Abaki alipo, na wanaohama kwa zamu wawe nyinyi. Asiyeweza kuja achangie mshahara wa msaidizi.