Maji ya kisima ndani ya tangi la mfereji: chumvi haitoki kwa kuchemsha

SWALI: Tunakaa Kisauni, Mombasa. Maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki, nasi tunajaza tangi la lita 5,000. Yakikatika tunapampu ya kisima cha hapa plotini ndani ya tangi hilo hilo. Ya kunywa tunachemsha, lakini ladha ya chumvi haiishi, na tangi linakauka kabla ya mgao kurudi. Nina mtoto wa miezi minne. Ninunue mashine ya kuchuja ama nitie dawa?

JIBU: Dada, kabla ya kununua chochote, acha kuchanganya.

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere huko Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Hutiwa klorini, na yanapokufikia yanatakiwa yawe bado na angalau miligramu 0.2 kwa lita, ndiyo kinga yake ndani ya tangi. Maji ya kisima yakiingia, uchafu na amonia itokayo vyooni huila klorini hiyo, na tangi zima hubaki bila kinga.

Chini ya miguu yenu ni mchanga na mawe ya matumbawe yaliyojaa nyufa, kwa hivyo maji ya choo cha shimo cha jirani hufika kisimani upesi, bila kuchujwa vya kutosha. Maji matamu nayo huelea juu ya maji ya bahari. Ukipampu sana, hasa wakati wa kiangazi, chumvi hupanda. Masika ikija chumvi hupungua na watu hufurahi kwamba kisima kimekuwa kitamu, kumbe ndio wakati mvua inasukuma taka za vyoo ndani yake.

Kuchemsha huua vijidudu. Yakitokota kwa dakika moja yatosha. Chumvi na naitreti, kemikali itokanayo na taka za vyoo, hazitoki, tena huzidi kidogo kwa sababu maji hupungua kwa mvuke. Hiyo naitreti ndiyo ya kuogopa kwa mtoto wako. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya kopo, huweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Kama anapewa maziwa hayo, yakorogwe kwa maji ya mfereji ambayo hayajachanganywa na ya kisima, yaliyochemshwa. Ya kisima, hata kidogo, la.

Kisima kipe tangi lake, hata la lita 500, lipeleke maji chooni na bafuni tu. Halafu safisha tangi kubwa siku moja kabla ya mgao, likiwa karibu tupu. Fungua koki ya chini utoe tope. Likiwa jeusi lenye harufu ya yai viza, hiyo ni kazi ya bakteria wanaoishi pasipo hewa. Sugua kuta kwa brashi, kisha zipake maji ya dawa: mililita 115 za dawa ya kung'arisha nguo nyeupe (ile tunayoiita jiki), ya asilimia 3.5 na isiyo na manukato, ndani ya ndoo ya lita 20. Ngoja nusu saa, suuza, mwaga. Vitabu vingine vitakuambia ujaze tangi zima maji ya klorini kisha uyamwage. Kwa mji wenye mgao huo ni ubadhirifu. Usichanganye dawa hii na asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya sumu. Na kama tangi ni la chini ya ardhi, asiingie mtu peke yake.

Mgao ukifika, maji ya kwanza usiyaingize tangini. Bomba likiwa tupu huvuta uchafu kupitia nyufa. Yakinge kwa ndoo za kuoshea sakafu mpaka yawe maangavu.

Ya kunywa, tia mililita 1.2 za dawa hiyo kwa mtungi wa lita 20. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Funika nusu saa. Yakinukia klorini kwa mbali, sawa. Yasiponukia kabisa, rudia kipimo hicho mara moja. Chupa iliyokaa muda mrefu kwenye joto letu huwa imepoteza nguvu.

Mashine? Mishumaa ya kaboni na taa za miale ya kuua vijidudu haziondoi chumvi. Inayoiondoa ni ya utando (RO), inayosukuma maji yapenye kwenye ngozi laini mno, nayo huhitaji shinikizo la baa 3 hivi, ilhali tangi lililoinuliwa mita 3 hutoa baa 0.3 tu. Bila pampu yake utaona matone. Isitoshe, kwa kila lita safi humwaga lita kadhaa. Ukishatenganisha matangi, sioni haja yake.

Kuhusu tangi kukauka, anzia chooni. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashia, ukae dakika 20 bila kuflashi. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini imekwisha. Kuvuja robo lita kwa dakika ni lita 360 kwa siku, zaidi ya 2,500 kwa wiki: nusu ya tangi lako. Kwa mwezi ni karibu uniti 11, na uniti moja (lita 1,000) ni mitungi 50 ya lita 20. Zidisha kwa bei ya mtungi wa mkokoteni hapo kwenu, kisha ulinganishe na bei ya raba.