Jaribio la nne: lini ubutue, lini ukomae

Mkuu, umeuliza kwa nini makocha wa NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) siku hizi wanaziacha pointi 3 za goli na kukomaa kwenye jaribio la nne, na kama huo ni ujasiri au ni ujinga. Mara nyingi wako sahihi, na kwa maoni yangu wengi bado wanabutua kupita kiasi. Ila usahihi huo una mipaka, na mipaka yenyewe unaweza kuipigia hesabu kwa kalamu na karatasi.

Kwa wasiofuatilia: timu ina majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10, na ikizifikisha inapewa mengine 4. Likifika la nne, njia ni tatu: kuubutua mpira mbali ili mpinzani aanzie karibu na kwao, kupiga goli la pointi 3, au kukomaa na kuzitafuta yadi zilizobaki. Ukikomaa ukakwama, mpinzani anauchukua mpira palepale.

Tuchukue hali inayoleta ubishi kila wiki. Jaribio la nne, zimebaki yadi 2, mpira uko yadi 38 ya mpinzani (yaani yadi 38 kutoka mstari wa goli lake), robo ya pili, matokeo ni sare. Umbali wa goli unaupata kwa kuongeza 17 (yadi 10 za eneo la mwisho, lile la nyuma ya mstari wa goli, na 7 hivi ambazo mpira unarudishwa nyuma kwa mpigaji). Hapo ni yadi 55. Wapigaji wa sasa wanalifunga, lakini si la uhakika. Tuseme 6 kati ya 10. Akikosa, mpinzani anaanzia pale mpira ulipopigiwa, yaani yadi 45 na si 38. Ukibutua na mpira ukaingia eneo la mwisho, mpinzani anaanzia yadi 20, kwa hiyo umeuza mpira kwa yadi 18 tu. Ukipata mbutuaji hodari, atauzima kwenye yadi 12.

Sasa zigeuze sehemu hizo kuwa pointi. Wazo hili si geni. Virgil Carter, aliyekuwa kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa NFL, na Robert Machol walilichapisha mwaka 1971. Kwa makadirio, kuanza upya karibu na yadi 33 ya mpinzani kuna thamani ya pointi 3. Kumwachia mpinzani mpira kwenye yadi yake ya 38 kunakugharimu 1.6, kwenye yadi 45 kunakugharimu 2, na kwenye yadi 12 kunakugharimu 0.3. Goli lenyewe halina thamani ya 3 kamili, kwa sababu ukishafunga unampa mpinzani mpira, toa 1.3, linabaki 1.7.

Goli: 0.6 mara 1.7, toa 0.4 mara 2, unapata 0.2. Kubutua: hasi 0.3. Kukomaa, ukiwa na nafasi ya 57 kwa 100: 1.7 toa 0.7, unapata 1. Na hata kama safu yako ya mbele ni dhaifu, kukomaa kunaishinda goli mradi tu unafaulu zaidi ya mara 40 kwa 100. Dhidi ya kubutua, inatosha kufaulu mara 28. Hiyo 40 ndiyo namba ya kukumbuka. Ubishi wa kweli ni kama timu yako inaifikia, na hapo ndipo kocha anapolipwa.

Karibu na goli inashangaza zaidi. Jaribio la nne yadi 2 kutoka mstari wa goli, watu wanasema "chukua 3 zako". Tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho, pointi 6) na pointi ya ziada, ukitoa mpira unaomrudishia mpinzani, ni 5.7. Goli ni 1.7. Ukikwama, mpinzani anaanzia yadi yake ya 2, amebanwa ukutani, na hali hiyo ina faida ndogo kwako wewe. Kufaulu mara moja kati ya nne kunatosha. David Romer, mchumi wa Berkeley, alionyesha jambo hili katika makala iliyochapishwa 2006: timu za NFL zilikuwa zinapiga mpira mno kuliko hesabu inavyoruhusu. Alitumia matokeo ya jaribio la tatu kukadiria la nne, kwa kuwa makocha walikomaa mara chache mno kupata sampuli ya kutosha.

Dakika za mwisho, weka pointi pembeni na uhesabu nafasi ya kushinda. Novemba 15, 2009, Bill Belichick, kocha wa New England wakati huo, alikuwa mbele 34-28 dhidi ya Indianapolis Colts, dakika 2 na sekunde 8 zimebaki, mpira yadi yake ya 28, jaribio la nne na yadi 2. Alikomaa, Kevin Faulk akadaka na kuangushwa kabla ya kutimiza yadi 2, Colts wakashinda 35-34. Alitukanwa sana. Lakini pima: akifaulu, mchezo umekwisha. Tuseme anafaulu 60 kwa 100, na akikwama, Peyton Manning, kotabeki wa Colts, anafunga kutoka umbali huo mfupi mara 55 kwa 100. Nafasi ya Belichick kushinda ni 78 kwa 100. Akibutua, na Manning akafunga mara 30 kutoka mbali, ni 70. Kosa lililomuumiza liko kwingine: alikuwa amemaliza taimauti (nafasi za kusimamisha mchezo) zote, hivyo hakuweza hata kupinga mahali waamuzi walipoweka mpira.

Ndivyo ilivyo pia kwa Detroit, Januari 28, 2024. Wakiongoza 24-10 dhidi ya San Francisco 49ers, walikomaa kwenye yadi 28 ya mpinzani zikiwa zimebaki yadi 2. Pasi ilifika mikononi mwa Josh Reynolds ikadondoka. Walipoteza 34-31. Uamuzi ulizaa mpokeaji aliye huru. Mikono ndiyo iliyokataa.

Yanayoharibu zaidi ni utekelezaji. Uamuzi ufanywe kabla ya jaribio la tatu. Ikiwa zimebaki yadi 6 na unajua utakomaa, unaweza kukimbia na mpira upate 4, kisha uzitafute 2. Kocha anayeamua baada ya hapo anachelewesha wachezaji, saa ya kuanzisha jaribio inakaribia sifuri, anachoma taimauti. Au mtu wa mbele anashtuka na kuanza mapema: yadi 5 za adhabu, ile 1 inakuwa 6, unabutua.

Ikibaki yadi 1, mpe kotabeki mpira moja kwa moja kutoka mkononi mwa senta (mchezaji wa katikati anayeuanzisha mpira), apenye katikati huku akisukumwa mgongoni kama Jalen Hurts wa Eagles. Mei 2025 wamiliki wa timu walipiga kura 22 kwa 10 kuipiga marufuku mbinu hiyo; zilihitajika 24. Kumweka kotabeki yadi 5 nyuma wakati unahitaji moja ni kujitafutia kazi. Ukipiga pasi, mpokeaji avuke mstari unaohitajika kabla ya kugeuka, maana kudaka yadi moja kabla yake ni sawa na kukosa.

Na kwa upande wa ulinzi: pasi ndefu ya jaribio la nne, beki auangushe mpira chini, asiudake. Akiudaka yadi 30 mbele na kuangushwa hapo, ameinyima timu yake yadi hizo zote.