Jagi moja la mnazi ni vinywaji vingapi?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kisauni. Tumefunzwa kuwauliza watu yale maswali kumi ya AUDIT kuhusu pombe, lakini la pili linanishinda: "Siku unayokunywa, hunywa vinywaji vingapi?" Watu wangu hunywa majagi, mangweni, kwa mrija. Juzi mzee mmoja aliniambia hunywa majagi mawili ya lita moja na nusu, peke yake, nami nikaandika 2. Jumla ikatoka alama 17, ilhali asubuhi mikono inamtetemeka mpaka kikombe cha chai kinamwagika. Nilihesabu sawa? Na haya mazungumzo mafupi tunayofanya baada ya fomu yanasaidia kweli, au tunajaza makaratasi tu?

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu. Hesabu haikuwa sawa, ila kosa si lako. Neno "kinywaji" limewapotosha hata madaktari.

Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kinywaji kimoja maana yake ni gramu 10 za alkoholi yenyewe, iwe imo ndani ya glasi, chupa au kata. Jihadhari na programu za simu: Marekani kinywaji kimoja ni gramu 14, Uingereza kipimo chao ni gramu 8. Ukichanganya vipimo, alama zako hazina maana.

Namna ya kupiga hesabu ni hii. Chukua mililita alizokunywa, zidisha kwa asilimia ya alkoholi, gawa kwa 100. Zidisha kwa 0.79, kwa kuwa alkoholi ni nyepesi kuliko maji. Hapo umepata gramu. Gawa kwa 10. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 inatoa gramu 16 na ushei, yaani kinywaji kimoja na zaidi ya nusu. Anayekwambia "bia tatu tu" amekunywa vitano.

Mnazi ndio wenye matata, maana hauna lebo. Ukiteremshwa mtini ni mtamu, lakini chachu tayari imo kazini, na kila saa inayopita sukari inageuka alkoholi. Mnazi wa asubuhi na ule uliolala si kitu kimoja. Juu ya hayo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wa siku hizi hangoji hata kusifiwa. Mimi hukadiria asilimia 4 kwa mnazi wa siku ile na 6 kwa ule mkali. Ni makadirio ya kazi, si kipimo cha maabara, lakini ni afadhali mara kumi kuliko kuandika "majagi 2". Kwa chang'aa usikadirie kwa mnazi kabisa: watafiti waliopima pombe za kienyeji magharibi mwa Kenya, wakachapisha mwaka 2010, walikuta wastani wa karibu asilimia 34, busaa ikiwa 4.

Sasa turudi kwa mzee wako. Majagi mawili ni mililita 3,000. Kwa asilimia 4 ni gramu 95 hivi, vinywaji tisa na nusu. Wewe ulimpa 0 katika swali la pili, kwa kuwa kinywaji kimoja au viwili havina alama. Alistahili 3 au 4. Jumla yake inakuwa 20 au 21, na hapo amevuka mstari: alama 8 hadi 15 ni za ushauri, 16 hadi 19 ni za ushauri nasaha na ufuatiliaji, 20 kwenda juu ni za kupelekwa kwa mtaalamu.

Jambo jingine dogo: maswali mengi ya AUDIT yanahusu mwaka mzima uliopita. Ukimuuliza mtu katikati ya Ramadhani atakujibu kwa hali ya mwezi ule. Mrudishe nyuma. Na usimuulize mbele ya mkewe.

Kuhusu mazungumzo, yanasaidia, na ushahidi mmoja mzuri umetoka hapa hapa Mombasa. Wanawake 818 wanaofanya biashara ya ngono, wanaokunywa kwa kiwango cha hatari lakini hawajafikia utegemezi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata vikao sita vya kuzungumzia unywaji wao, karibu kimoja kila mwezi. Wengine walipata vikao sita vya lishe. Wengi huuliza lishe iliingiaje. Iliingia kwa sababu mtu akiketishwa na kusikilizwa mara sita anaweza kubadilika kwa kule kusikilizwa tu. Ilibidi pande zote mbili zisikilizwe sawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliozungumzia pombe walipunguza kunywa, na tofauti ilikuwapo bado miezi sita baada ya vikao kwisha. Maambukizi ya magonjwa ya zinaa hayakupungua. Hilo la pili watu hupenda kuliruka wanapousifu utafiti huu. Jirani zetu wa Moshi, katika hospitali ya KCMC, nao wana mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, wa majeruhi wanaofika idara ya dharura.

Lakini soma tena: hawajafikia utegemezi. Mzee wako si wa kundi hilo. Mikono kutetemeka asubuhi ni mwili unaodai pombe, na mwili wa namna hiyo ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka na homa siku ya pili hadi ya nne. Watu hufa kwa hilo. Basi usimwambie "acha leo". Mwambie asiache peke yake nyumbani, kisha fuatana naye hospitali, akapewe dawa za kutuliza mwili na vitamini B1. Mkifika, mweleze daktari saa aliyokunywa mara ya mwisho, na kama amewahi kupata degedege alipokosa pombe. Akianza kuona vitu visivyokuwapo kabla hamjaondoka, msingoje asubuhi.