Fundi Akujibu: Treni ndani ya sanduku

SWALI: Shikamoo fundi. Nina sanduku la mbao, sentimita 40 kwa 36. Nataka kutengeneza humo mfano mdogo wa kipande cha ile reli ya zamani ya Mtwara–Nachingwea. Treni itazunguka kweli? — Msomaji, Ligula, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Itazunguka, ila chagua kipimo kwanza. Reli ile ya mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza, iliyofungwa 1962, ilikuwa na upana wa mita moja. Ukijenga kwa uwiano wa 1:160, mita hiyo inakuwa milimita 6.25, basi tumia reli za treni za mfano za kipimo kiitwacho Z, zenye upana wa milimita 6.5. Kona yake kali zaidi ya Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za mfano, ina nusu kipenyo cha milimita 145, kwa hiyo duara lina kipenyo cha sentimita 29. Linaenea, na ukingo unabaki.

Sasa udongo. Mchanga wa ufukweni achana nao kabisa, una chumvi, utakulia reli. Chukua ule mwekundu wa njia ya Newala, uchekeche kwa chujio la chai, umwage katikati ya reli, kisha udondoshee gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, gundi inasimama juu kama umande. Mikorosho? Sponji iliyochanwachanwa na kupakwa rangi inatosha. Kifuniko usikisahau: upepo wa bahari huku hauna adabu.